Naomba ushauri: maji ya kunawa mikono nyumba ya ibada yapelekwe kwenye miti?

Wakuu, waumini 200 wakinawa nusu lita kila mmoja wakati wa janga la ugonjwa wa kuambukiza, ni lita 100 kwa ibada moja. Kuyaacha yapotee hivi hivi haipendezi.

Mpango ni ndoo ya koki, beseni chini yake, kisha mpira hadi mtaro wa kina cha sentimita 30 uliojazwa vipande vya mbao, mbali kidogo na shina. Mdomo wa mpira ufungwe kitambaa, maana utando wa sabuni huuziba. Maji yasilale: yakipita siku moja yananuka.

Maji ya klorini ya kupangusia viti na vitasa (dawa ya asilimia 5, mililita 20 kwa lita 1 ya maji baridi) hayaingii mtaroni kabisa. Huchanganywa upya kila siku, kwani jua huyapunguzia nguvu.

Kinachotutatiza ni sabuni ya mche. Ina sodiamu, na ikirundikana kwenye udongo wa mfinyanzi, maji hayapenyi tena. Je, tuhamishe mtaro kila baada ya muda, tuusuuze kwa maji ya mvua, au tuhamie sabuni ya maji ya potasiamu? Waliojaribu, mlianza kuona dalili gani?