Mizani za Dante: mbona hazitimii 11?

Mwanagenzi:
Wakuu, inasemwa kila mshororo wa Divina Commedia, shairi refu la Kiitaliano la Dante, una mizani (silabi) 11. Nikihesabu ubeti wa kwanza wa Inferno, sehemu yake ya kwanza, napata 11, 13, 12:

Nel mezzo del cammin di nostra vita
mi ritrovai per una selva oscura,
ché la diritta via era smarrita.

Kosa liko wapi? Na anayetaka kuutia Kiswahili kwa arudhi ileile (kanuni za mizani na vina) ashike nini?

Mtambaa_Panya:
Unahesabu kwa sikio la Kiswahili, mkuu. Kwetu kila irabu ni silabi: "maua" ni mizani tatu, hakuna mjadala. Kiitaliano huunganisha. Ndani ya neno, "ritrovai" hapo ni ri-tro-vai, tatu tu. Tena neno likiishia kwa irabu na linalofuata likaanza kwa irabu, kwa kawaida hizo mbili huwa mizani moja:

mi-ri-tro-vai-per-u-na-sel-va‿o-scu-ra
ché-la-di-rit-ta-vi-a‿e-ra-smar-ri-ta

"Via" imebaki mbili kwa sababu mkazo uko kwenye i. Kinachounganika ni a yake na e ya "era".

Ila 11 si sheria yenyewe. Sheria ni mkazo wa mwisho uangukie mizani ya 10. Neno la mwisho likikazwa mwishoni kabisa, mshororo una 10 na ni halali. Likikazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, una 12. Sisi tuna bahati: mkazo wetu huwa silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ukitimiza 11 huo wa 10 unajileta. Kazi iko ndani, kuweka mkazo mwingine kwenye ya 4 au ya 6.

Kina_cha_Kati:
Vina ndivyo vitakavyokutoa jasho. Mpango ni ABA BCB CDC: kina cha kati cha ubeti huu kinakuwa cha kwanza na cha tatu cha ujao. "Oscura" inazaa "dura" na "paura". Katikati yao kuna "forte", inayozaa "morte" na "scorte". Ukifunga kila ubeti kivyake, mnyororo umekatika na shairi halisongi tena mbele. Wimbo (sura moja ya shairi hilo) hufungwa kwa mshororo mmoja wenye kina cha kati cha ubeti wa mwisho, ndiyo maana wimbo wa kwanza una mishororo 136: beti 45 na mmoja.

Halafu kina chao huanzia irabu yenye mkazo, -ura, si -ra tu. Kwetu "bara" na "dira" vinapita. Kwa Dante ungehitaji "bara" na "ishara". Usikimbilie vitenzi vya -ana na -isha, vitachosha msomaji kabla hujafika mbali, na mbele yako kuna nyimbo 100, mishororo 14,233. (Dante mwenyewe, katika Paradiso, sehemu ya mwisho, "Cristo" haipi kina kingine ila "Cristo".)

Mwanagenzi:
Na mshororo wa tano, "esta selva selvaggia e aspra e forte", unahesabiwaje?

Mtambaa_Panya:
Mtego mzuri. Kwanza i ya "gia" haihesabiwi, inaelekeza tu g isomwe kama j. Makutano ya irabu ni matatu. Ukiunganisha yote unapata 10. Moja liache wazi, kati ya "e" na "aspra":

e-sta-sel-va-sel-vag-gia‿e-a-spra‿e-for-te