Tupeane uzoefu: diski iliyobadilika herufi na kutuhangaisha

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za kazi. Nimefungua mada hii baada ya kuitwa Jumatatu asubuhi katika duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, ambako nilimkuta mhasibu ameshika tama mbele ya kompyuta, akiamini kwamba hesabu za miaka mitatu zimepotea. Programu yao ya mauzo huhifadhi kumbukumbu kwenye diski ya nje, na siku zote huzitafuta katika njia ya E:\Hesabu. Asubuhi hiyo ilijibu kwamba njia hiyo haipo, ingawa diski ilikuwa imechomekwa, taa yake inapepesa, na mafaili yote yamo. Tofauti ilikuwa moja tu: herufi ambayo Windows huitambulisha nayo diski ilisomeka F badala ya E.

Nilipouliza ni nani aliyewasha kompyuta mwanzo, ndipo mambo yalipojipanga. Mwenye duka alifika mapema, diski ikiwa bado imefungiwa kabatini, akachomeka flashi yake mpya ili achapishe ankara mbili. Windows humpa mgeni herufi ya kwanza inayoikuta wazi, na kwa kuwa E ilikuwa wazi, flashi ikaichukua. Diski ilipokuja kuchomekwa ikakuta kiti chake kimekaliwa, ikasogezwa F, nayo flashi ikabaki imechomekwa nyuma ya kompyuta ambako hakuna aliyeiona.

Ningeweza kuchomoa flashi na kuondoka, lakini tatizo lingerudi wiki inayofuata. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika diskmgmt.msc, nikabofya diski ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua "Change Drive Letter and Paths" na kuipa herufi T; kisha nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya mauzo na kuibadili njia iwe T:\Hesabu. Herufi T niliichagua makusudi, kwa sababu ugawaji huanzia herufi za mwanzo, na si rahisi duka lile lichomeke vifaa vingi kiasi cha kufika huko.

Kwa maoni yangu, mahangaiko mengi ya namna hii yanatokana na kudhani kwamba herufi ni mali ya diski, kama namba ya usajili ilivyo mali ya gari. Herufi huandikwa ndani ya kompyuta, kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, mahali panapoitwa MountedDevices, na kila kompyuta ina daftari lake. Kinachosafiri na diski ni lile jina unaloipa, kwa mfano HESABU au PICHA. Karibuni nanyi mtueleze yaliyowakuta.

Mchangiaji wa kwanza (Morogoro)

Ahsante kwa mada hii. Nina duka la uchapishaji karibu na chuo, na kwa miezi kadhaa tulikuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba flashi zao ni mbovu. Flashi ikichomekwa, mlio wa kutambuliwa unasikika vizuri, lakini ndani ya orodha ya diski haionekani. Mwanafunzi anaichomoa, anaipuliza vumbi, anaichomeka tena, mlio ule ule, na hakuna kitu. Cha ajabu, kwenye kompyuta ya jirani ilikuwa ikifunguka bila shida.

Kumbe aliyetutengenezea mtandao alikuwa ameipa folda ya kompyuta kubwa herufi F kwenye kila mashine. Herufi za folda za mtandao ni za mtumiaji aliyeingia, ilhali herufi za diski ni za mashine nzima, na anayegawa hizi za pili hakuwa na habari na zile za kwanza. Kwa hiyo aliiona F kuwa wazi, akaipa flashi, nayo ikajificha nyuma ya folda ya mtandao. Mashine zetu zilikuwa za Windows XP. Tulihamishia folda ile kwenye herufi Z na malalamiko yakaisha. Nawaomba radhi wanafunzi niliowauzia flashi mpya wakati zao zilikuwa nzima.

Mchangiaji wa pili (Mombasa)

Vijana, nyinyi mmekuta mambo yamerahisishwa. Mimi nilianza kazi hii enzi za Windows 98, ambapo herufi haikukumbukwa popote, bali ilihesabiwa upya kila mara kompyuta ilipowashwa. A na B zilikuwa za disketi, kama zilivyokuwa kwenye kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 ambayo haikuwa na diski ya ndani. Diski huweza kugawanywa sehemu kuu (primary) na sehemu za ndani (logical), na C ilikwenda kwa sehemu kuu ya diski ya kwanza. Kilichowachanganya wengi ni hatua iliyofuata: kabla ya kurudi kugawa sehemu nyingine za diski hiyo ya kwanza, hesabu iliruka kwanza kwenda kwenye sehemu kuu ya diski ya pili.

Ofisi moja ya uwakala wa mizigo ilikuwa na diski iliyogawanywa C na D, na D ndiyo iliyobeba hati zote. Wakaniita niwaongezee diski ya pili. Niliifunga, nikaiweka jampa, kile kifuniko kidogo cha pini za diski, mahali pake kwa kibano cha nyusi nilichoazima kwa karani, nikawasha. Diski mpya, tupu kabisa, ikawa D, na ile D ya hati ikawa E. Kila njia ya mkato iliyokuwa mezani ikaelekeza kwenye diski tupu, na karani akaanza kulia kabla sijapata nafasi ya kumweleza. Dawa yake ilikuwa kuigawa upya ile diski mpya kwa FDISK, programu ya kugawa diski, bila kuipa sehemu kuu hata moja, bali sehemu za ndani peke yake, ili zihesabiwe mwisho. Kibano cha karani nilikirudisha kimepinda.

Mchangiaji wa tatu (Kampala)

Yaliyonipata mimi yalinigharimu. Kompyuta yangu ina mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux. Nilichomeka diski ya nje niliyoitumia upande wa Linux, Windows ikaipa herufi E, kisha likatokea dirisha linalosema kwamba diski iliyo E haiwezi kutumika hadi ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya. Ilikuwa usiku, nimechoka, nikakubali. Windows haisomi ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ila haisemi kwamba haiujui, inapendekeza kufomati. Sehemu ya picha niliziokoa baadaye, lakini rasimu ya tasnifu haikupatikana.

Tangu hapo, diski za Linux nazinyang'anya herufi kabisa kwenye mashine hiyo. Nafungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri za kuandika, kwa mamlaka ya msimamizi, naandika list volume, nalinganisha ukubwa kwa makini, nachagua kwa select volume na namba yake, kisha naandika remove letter=E. Sehemu isiyo na herufi haileti lile dirisha. Mwenye kutumia diskpart asome mara mbili kabla ya kubonyeza, kwani neno clean, ambalo mgeni anaweza kudhani ni la kusafisha uchafu, hufuta mgawanyo wote wa diski iliyochaguliwa.

Mchangiaji wa nne (Arusha)

Naongezea mawili kwa ufupi. La kwanza, ukinakili Windows kutoka diski ya zamani kwenda kwenye SSD (diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka), uzime kompyuta na kuichomoa ya zamani kabla ya kuiwasha mpya kwa mara ya kwanza. Niliwahi kuziacha zote mbili, na Windows ya nakala ikaendelea kuitambua diski ya zamani kuwa ndiyo C, kwa sababu daftari lake lilinakiliwa pamoja nayo. Mteja aliweka nenosiri, akaishia kwenye kioo kitupu chenye rangi moja.

La pili, ukiingia kwenye hali ya ukarabati ya Windows, usiziamini herufi unazozijua. Hali hiyo huendeshwa kutoka X, na nyingine hugawiwa upya. Nilipokea mashine ambayo mwenzangu aliikagua kwa chkdsk C: (amri ya kukagua makosa ya diski) akasema ni nzima, kazi ikiwa imekwisha kwa sekunde mbili. C ya pale ilikuwa kisehemu cha kuwashia tu chenye MB 100, na Windows yenyewe ilikuwa D. Siku hizi naandika dir, amri ya kuorodhesha yaliyomo, na herufi kwanza, niione folda ya Windows kwa macho yangu.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Kuhusu aliyeniuliza faraghani juu ya sehemu D iliyotoweka kwenye kompyuta ya mgahawa wa intaneti ilhali ukiandika D: inafunguka: hiyo haijapotea, imefichwa. Tafuta NoDrives kwenye rejista, chini ya Policies\Explorer. Thamani 4 huficha C, 8 huficha D, na 12 huzificha zote mbili. Ifute, utoke na kuingia upya.

Mhasibu wa Kariakoo naye alinipigia jana jioni. Ameipeleka diski nyumbani amalizie hesabu za mwezi, na kwenye kompyuta ya huko inasomeka E, tena amehakikisha kuwa ni diski ile ile kwa sababu amebandika karatasi yenye T juu yake. Nimemwomba asiguse chochote. Jumamosi nitapita kwake niiandike T kwenye daftari la kompyuta hiyo pia.