Mkahawa usiotaja menyu yake: tuulize au tunyamaze?

Kutoka: Dada yenu, Reading

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na binti yetu mkubwa ametulipia chakula cha usiku katika mkahawa mmoja wa London wenye viti 14 tu. Nimeipitia tovuti yao mara tatu bila kuona orodha ya vyakula. Wameandika kwamba mpishi ndiye anayeamua, kwamba vitaletwa visahani tisa, na kwamba mgeni hukijua anachokula kinapowekwa mbele yake. Sisi hatuli nguruwe wala kitu chenye pombe, na mume wangu akila kamba midomo humvimba. Yeye anasema twende tu, tule tutakachoweza na tuache kingine, kwa kuwa zawadi haikaguliwi na hataki kumwaibisha mtoto. Mimi sina amani. Mliokwisha kula mahali pa namna hii, mlifanyaje?

*

Kutoka: Mwenzenu, Croydon

Dada, wa alaykumu salaam, na hongereni sana. Nakusihi uulize, tena uulize leo. Nasema hivi kwa sababu mimi na mke wangu tulifanya kama anavyotaka shemeji, na usiku ule tuliuharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Tulikwenda mahali padogo, viti 12 vimezunguka meza moja ndefu na mpishi yuko mbele yako akipika. Tulipoweka nafasi palikuwa na sehemu ya kuandika vyakula tusivyokula, nasi tukaiacha tupu kwa kuona haya. Sahani ya tatu ilikuwa samaki mwenye mchuzi mweupe. Mke wangu alipouliza kilichomo, kijana aliyekuwa akihudumia akajibu bila kuficha kwamba ni siagi na divai. Sahani ya tano ikawa na mafuta ya nguruwe, na kitamutamu cha mwisho kiligandishwa kwa jelatini, yaani kigandishio kinachotokana na ngozi na mifupa yake. Mpishi alisikitika kuliko sisi. Alitafuta cha kutupa badala yake akakosa, kwa kuwa siku ile alikuwa amenunua samaki wa watu 12 na mboga za watu 12, basi. Tulikula mkate na viazi, tukalipa bei kamili, na sikuona haki ya kulalamika.

Baadaye nilifikiri sana kwa nini tulinyamaza. Nyumbani kwa bibi yangu Pangani, mgeni haulizi kilichomo chunguni. Sinia huja na wali na samaki, unanawa, unasema bismillahi, unakula, na anayeuliza maswali anaonekana hana imani na mwenyeji. Lakini pale tunaweza kunyamaza kwa sababu kisicholiwa na mwenyeji ndicho kisicholiwa na mgeni, na hilo linajulikana kabla ya moto kuwashwa. Mpishi wa London hana njia ya kulijua. Ukimnyima habari hiyo hujamheshimu. Unamwacha apike gizani, na yeye ndiye uliyemkabidhi uamuzi wote. Wajapani, ambao desturi hii kwao ni ya siku nyingi, huiita omakase, yaani nakuachia wewe. Mimi naona mtu hawezi kumwachia mwenzake jambo ambalo hajamweleza mipaka yake.

Liko jambo moja la sheria ambalo wengi wetu tunalielewa nusu. Hapa Uingereza kila mkahawa unawajibika kumweleza mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio: nafaka zenye gluteni kama ngano na shayiri, mayai, maziwa, samaki, karanga, njugu za miti kama korosho na lozi, ufuta, soya, haradali, seleri, lupini (mbegu za jamii ya kunde), salfaiti (kemikali ya kuhifadhia vyakula na vinywaji), jamii ya kamba na kaa, na jamii ya chaza, pweza na ngisi. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo. Pombe haimo. Kwa hiyo ukiulizwa kama una mzio ukajibu huna, umesema kweli na bado hujasema lolote kuhusu unachokikwepa. Andika waziwazi: hatuli nguruwe wala mafuta yake, hatuli jelatini isipokuwa ya samaki, hatuli chakula kilichotiwa divai au pombe yoyote hata kama imechemshwa. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu, kwa maana wapishi wengi huamini kwamba pombe yote hupotea jikoni, ilhali jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kuwa chakula kilichochemshwa nusu saa hubaki na takriban asilimia 35 ya pombe iliyotiwa. Kama hamli nyama isiyochinjwa kwa halali, ombeni samaki na mboga tangu mwanzo. Hasa mkienda kuanzia mwezi wa nane mwulize habari za ndege wa porini, kwa sababu msimu wa kuwawinda huanza tarehe 12 Agosti na huuawa kwa bunduki.

Waambie mapema, siku tatu kabla au zaidi. Mahali padogo hununua kwa idadi ya viti, na supu na michuzi huanza kuchemshwa jana yake. Hiyo ndiyo sababu pia wanataka namba ya kadi au malipo ya awali: viti viwili vikikosa watu kati ya 14, sehemu moja ya saba ya mapato ya usiku imepotea. Soma masharti ya kughairi kabla tarehe haijakaribia.

Kuhusu fedha, mwulize binti yako amelipia nini hasa. Mara nyingi zawadi hugharimia chakula peke yake. Tuseme chakula ni pauni 95 kwa mtu, na kila mmoja akachukua vinywaji visivyo na pombe vinavyoambatana na sahani, pauni 45. Jumla ya watu wawili ni 280, na ikiongezwa asilimia 12.5 ya huduma, ambayo ni ya kawaida London, inakuwa 315. Kodi ya VAT imo tayari katika bei. Malipo ya huduma yakiandikwa kuwa ni ya hiari mnaweza kukataa, ingawa mimi hulipa, na nalipa kwa moyo zaidi tangu Oktoba 2024, sheria ilipowataka waajiri wawafikishie wafanyakazi fedha hizo zote. Maji ya bomba ni bure ukiyaomba, kwa kila mkahawa wenye leseni ya pombe katika England na Wales. Mkae mkijua kwamba mlo wenyewe huchukua saa tatu, basi angalieni treni ya mwisho ya kurudi Reading.

*

Kutoka: Ndugu yenu, Manchester

Ninafanya kazi jikoni, katika mkahawa wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo naomba niongeze juu ya kamba tu. Dada, eleza kwamba midomo humvimba. Ukisema tu hapendi kamba, sisi tutaondoa kamba kwenye sahani, lakini supu iliyotokana na maganda yake tutaiacha, na mafuta yaliyokaangia kamba tutayatumia. Ukisema ni mzio, sufuria, kisu na ubao vinatengwa, na jina lake linaandikwa pamoja na namba ya kiti. Taja pia kama anakula pweza na chaza, kwa sababu kwetu kamba na kaa ni kundi moja, na pweza na chaza ni kundi jingine, na asiposema tutamnyima yote mawili. Mkishakaa, mkumbusheni tena anayewahudumia. Hatukasiriki, tunaomba hivyo.

*

Kutoka: Dada yenu, Reading

Nawashukuru sana. Nilimsomea mume wangu maneno yote, na nilipofika pale pa mafuta ya kukaangia alinyamaza, kisha akaniambia niandike. Nimewaandikia jana usiku kwamba hatuli nguruwe, jelatini wala pombe hata iliyochemshwa, kwamba tungependa samaki na mboga, na kwamba yeye ana mzio wa kamba, kaa na kambakoche, ila pweza na ngisi anakula tangu utotoni Tanga.

Asubuhi hii wamejibu. Wametushukuru kwa kuwaeleza mapema, wameuliza kama siki ya divai nayo tunaiepuka, na wamesema kwamba mpishi atabadilisha sahani nne kati ya tisa. Ni zipi, hawakusema, nami sikuwauliza.