Naombeni ushauri: picha za kufundishia nahau za Kiingereza Kidato cha Pili

Walimu wenzangu, habari za kazi. Wiki jana nilibandika karatasi ya manila yenye picha ya mtu anapiga teke ndoo. Nikawaambia "kick the bucket" ni kufa. Darasa likacheka, nikajua somo limeingia. Jana nasahihisha barua, binti anampa pole rafiki aliyefiwa: "I am sorry that your father kicked the bucket." Kalamu ilinishinda. Kosa si lake. Picha yangu ilimpa ndoo, haikumpa msiba. Watoto hawa wametoka shule ya msingi ya Kiswahili, Kiingereza wanakisikia darasani tu. Projekta hatuna. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe:
Pole mwalimu. Mimi huanzia nyumbani. Nachora ubaoni mzee ambaye mkono wake ni birika, nauliza: huyu ana ugonjwa gani? Wanajibu wenyewe: "Mchoyo huyo!" Hapo wameshaelewa kwamba maneno yanasema hiki na maana ni kile. Ndipo naleta "spill the beans" na kuku wamezunguka mtama uliomwagwa. Siri imetoka, hawahitaji tafsiri tena.

Mwalimu Mkongwe:
Chaki kasema vema, ila tatizo la binti yule ni mahali pa kuisemea nahau hiyo. Hata sisi, nani anakaa kwenye mkeka wa msiba akasema marehemu "amekata kamba"? Chora picha mbili: vijana kijiweni, na watu wamekaa msibani. Wape kadi za "kicked the bucket" na "passed away" (amefariki), wabandike wenyewe panapostahili. Wabishane. Ubishi huo ndio somo.

Mama Insha:
Angalizo: si kila nahau ina pacha. Wanangu walidhani "pull someone's leg" ni kuvuta miguu, yaani kuchelewesha jambo. Kumbe ni kumtania mtu, na kuvuta miguu kwao ni "drag your feet". Nilichora mguu unaovutwa, nikawapoteza zaidi. Siku hizi nachora nyuso: mmoja anadanganya huku akibana kicheko, mwenzake ameshaamini.

Mleta uzi:
Nimewaelewa, asanteni sana. Ile manila naibandua. Kesho naenda na kijiwe na mkeka, na binti yule nitamwomba awe wa kwanza kubandika kadi. Barua yake sijaiweka alama. Nitampa aiandike upya kwanza.