Tunaigiza "Sizwe Banzi Is Dead" kwa Kiswahili: gazeti la Styles tulibadilishe au tuliache?

Mwongozaji Mchanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nina kikundi kidogo cha maigizo. Waigizaji wangu wawili ni hodari kweli, ila fedha ndiyo hakuna. Tamthilia ya watu wawili, meza moja na kamera ikaonekana imeandikwa kwa ajili yetu. Tumeichukua "Sizwe Banzi Is Dead", kazi ya mwandishi Athol Fugard na waigizaji John Kani na Winston Ntshona, wote wa Afrika Kusini. Nimeshatafsiri zaidi ya nusu. Kile kitabu cha kupitia, ambacho Waafrika wa Afrika Kusini walilazimishwa kutembea nacho enzi za ubaguzi wa rangi ili waruhusiwe kukaa na kufanya kazi mjini, nimekiita kipande, na hilo sijalijutia hata siku moja.

Kwa asiyeifahamu: Styles ana studio ya picha New Brighton, mtaa wa Waafrika huko Port Elizabeth. Anaingia mteja mwenye suti mpya, anataka picha ya kumpelekea mkewe. Baadaye tunajua kwamba kipande cha huyu bwana kiligongwa muhuri wa kumrudisha King William's Town, ambako hakuna kazi. Usiku mmoja yeye na Buntu, aliyekuwa amempa hifadhi, wakakuta maiti kichochoroni, na maiti ile ilikuwa na kipande chenye kibali cha kazi. Picha zikabadilishwa. Sizwe Banzi "akafa", Robert Zwelinzima akaendelea kuishi.

Kinachonisumbua ni mwanzo. Styles anaingia na gazeti, anasoma vichwa vya habari na kuvitania, kisha anasimulia siku bosi mkubwa wa Ford alipotoka Marekani kuja kutembelea kiwanda alichokuwa akifanya kazi. Mwigizaji wangu anataka asome gazeti la siku hiyohiyo ya onyesho, watu wacheke mambo wanayoyajua. Mwalimu wangu wa zamani anasema hilo ni kosa, igizo ni la 1972 na libaki 1972. Wiki ya tatu hii mazoezi yamegota ukurasa wa kwanza.

Naomba mnisaidie kwa historia. Igizo hili lilipotoka Afrika Kusini kwenda nchi za watu, wenzetu walifanyaje? Nawasilisha.

Siti ya Nyuma

Kabla ya gazeti, jina kwanza. Nakala yangu imeandikwa Bansi, wewe unasema Banzi. Tukuamini wewe au kitabu?

Mzee wa Taa

Banzi. Kwa Kixhosa isizwe ni taifa, banzi ni pana. Ile "s" iliingia katika uchapaji wa mwanzo ikazoeleka, na mabango mengi ya zamani yanayo hivyo.

Sasa mwanangu, gazeti. Mwalimu wako namheshimu lakini hapa kateleza. Igizo hili halikuanza na mswada, lilianza na picha. Fugard aliona picha ya studio ya mtu anayetabasamu, akaipeleka kwa Kani na Ntshona, wakajiuliza ni kitu gani kinamfanya mtu mweusi wa Afrika Kusini ya wakati ule atabasamu vile. Wakajenga hadithi kwa kujaribu na kubuni mazoezini. Kani mwenyewe alikuwa amefanya kazi Ford. Kile kisa cha kiwandani hakikutoka kichwani mwa mwandishi aliyejifungia chumbani, ni maisha ya mtu aliyesimama pale mbele yako.

Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 1972, ukumbi wa The Space, Cape Town. Ukumbi huo ulianzishwa mwaka huohuo na Brian Astbury na mkewe, mwigizaji Yvonne Bryceland. Astbury alikuwa mpiga picha, kwa hiyo igizo la mpiga picha lilizaliwa nyumbani kwa mpiga picha. Ulikuwa wakati ambao sheria haikutaka rangi tofauti zikae ukumbi mmoja, na kazi ya uigizaji kwa mtu mweusi haikuwa na nafasi kwenye kipande. Kani na Ntshona iliwabidi waandikishwe kama watumishi wa nyumbani kwa Fugard. Sasa fikiria: waigizaji wenye vipande vya uongo wanaigiza hadithi ya kipande cha uongo.

Maneno yalichapwa kitabu mwaka 1974, miaka miwili baada ya onyesho la kwanza. Anayelinda vichwa vya habari vya kitabuni analinda usiku mmoja kati ya mingi. Gazeti lilikuwa mlango wa Styles kuingilia kwenye siku ya watazamaji wake. Badilisha.

Bi Pazia

Mzee wangu, kwenye historia nakuunga mkono, kwenye hitimisho hapana.

Tuifuate safari yenyewe. Septemba 1973 Kani na Ntshona walikuwa Royal Court, London, katika ule ukumbi mdogo wa juu. Mwaka 1974 wakaenda Marekani, ukumbi wa Long Wharf, New Haven, na Novemba wakafungua Edison Theatre, Broadway, New York, wakipokezana na "The Island", igizo lao jingine. Mwaka 1975 wawili hawa wakapewa Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, moja ya mwigizaji bora, wakagawana. Mtazamaji wa New York hajawahi kuombwa kipande barabarani. Wala hakuna aliyemhamishia Styles studio Manhattan ili mtazamaji huyo aelewe. Alielewa kwa sababu kila kitu kilikuwa mahususi: ile Ford, ile New Brighton, ule muhuri.

Kisha mtazame Peter Brook, mwongozaji wa Kiingereza. Mwaka 2006 aliitoa kwa Kifaransa, Styles akiwa Habib Dembélé wa Mali, na Sizwe akiwa Pitcho Womba Konga, mzaliwa wa Kongo aliyekulia Ubelgiji. Lugha ilibadilika, waigizaji wakabadilika, jukwaa likawa la makadibodi na takataka za kuokota, lakini nchi ilibaki Afrika Kusini. Huyo ndiye wa kumfuata, maana wewe pia unabadilisha lugha. Lugha tayari ni mzigo mzito. Usimwongezee mtazamaji na kalenda mpya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Young Vic, London, 2013. Mwongozaji Matthew Xia hakugusa hadithi. Alianzia mlangoni: watazamaji walitenganishwa kwa rangi kabla ya kuingia. Hakuileta sheria kwa watazamaji, aliwapeleka watazamaji kwenye sheria.

Siti ya Nyuma

Mimi nikitenganishwa na mke wangu mlangoni nadai nauli yangu.

Kalamu Nyekundu

Samahani kwa kuingilia. Mleta mada, ruhusa mnayo? Simaanishi ya ukumbi, namaanisha haki za igizo. Tafsiri yenyewe inahitaji idhini, na kubadilisha gazeti ni kugusa maneno ya wenye kazi, kwa hiyo nalo litaje katika barua ileile. Na kwenye bango majina ni matatu. Nimeona mabango mengi yenye Fugard peke yake, utadhani wale wawili walikuja kushika kamera tu.

Mwongozaji Mchanga

Barua ya ruhusa... nilikuwa naisubirisha mpaka tafsiri iishe. Naona nimeweka gari mbele ya punda. Naiandika leo.

Bi Pazia, swali. Kama nchi haikubadilishwa kokote, kwa nini kila ninayemuuliza ananiambia Kani alikuwa anachezea maneno kila usiku?

Bi Pazia

Kwa sababu alikuwa Kani. Yale yalikuwa maisha yake, aliweza kuyavuta na kuyakunja na yakabaki kweli. Mwigizaji wako akiyavuta, anavuta nini?

Mzee wa Taa

Hapo umenigusa dada, sikatai.

Lakini nikukumbushe New Brighton yenyewe, walipoigiza mbele ya watu wenye vipande mfukoni. Ilipofika pale Buntu anapobadilisha picha, watu hawakunyamaza. Mmoja akapaza sauti kumwonya asifanye, atakamatwa. Mwingine akamjibu afanye tu, mbona yeye hajakamatwa. Igizo likasimama, ukumbi ukabishana. Hiyo haipo kitabuni. Na Oktoba 1976, mwezi uleule Transkei, eneo walilotengewa Waafrika na serikali ya ubaguzi, inatangaziwa ule "uhuru" wake, Kani na Ntshona waliigiza Butterworth, mji wa hukohuko, wakatiwa ndani. Waigizaji wa London na kwingineko waliandamana hadi wakaachiwa. Watawala wale waliona igizo linawasema wao, jioni ileile, si jambo la miaka minne iliyopita. Kijana akilisoma kama kumbukumbu ya makumbusho, atakuwa amelizika.

Mtoto wa Jukwaa

Mimi ni mwigizaji, si mwongozaji, niseme kidogo. Kuna onyesho la 2015 ambalo hamjalitaja. Market Theatre ya Johannesburg iliungana na kumbi mbili za Marekani, McCarter ya Princeton na Syracuse Stage, John Kani akawa mwongozaji. Styles alikuwa nani? Atandwa Kani, mwanawe. Sizwe alikuwa Mncedisi Shabangu. Hebu fikiria unamwigiza baba yako, mbele ya baba yako, ukisimulia kazi aliyofanya baba yako. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kuiga tu, ni huyo kijana.

Ushauri wangu kwa mwenzangu: video za mzee Kani azifunge kabisa. Ile sauti inanata. Mimi niliigiza Buntu nikagundua wiki ya pili kwamba nacheka kicheko cha mtu mwingine. Na Ntshona asisahauliwe. Alifariki 2018, na watu bado wanamtaja Kani tu kwa sababu Styles ndiye mwenye maneno mengi. Sizwe ni kazi ngumu zaidi: mtu asiyejua aweke wapi mikono yake.

Mwongozaji Mchanga

Narudi na majibu ya mazoezi, wakuu. Jana tulijaribu njia zote mbili mbele ya watu kumi na mmoja.

Kwanza gazeti la jana. Walicheka sana, dakika sita nzima. Lakini Ford ilipokuja ikapoa, maana walikuwa wanangoja utani mwingine wa leo. Kipande kilipotajwa kuna mtu aliuliza kwa sauti, "Hii nayo ni ya wapi?"

Kisha gazeti la 1972, vichwa viwili tu, tukaingia Ford haraka. Kicheko kilikuwa kidogo, ila watu walikuwa ndani. Tulipofika kwenye maiti nikamwambia Buntu anyamaze, awatazame watazamaji akiwa na kile kipande mkononi, asiseme lolote mpaka mmoja ajikohoze. Alisimama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Mama mmoja wa mbele akasema, taratibu, "Chukua."

Basi gazeti linabaki la zamani na ule ukimya unabaki. Mzee wa Taa, nadhani nimekupa nusu yako. Barua ya haki imetumwa, majina matatu.

Sasa nimebakiza moja. Kuna mwenye kamera ya zamani ya kusimama kwa miguu mitatu, hata kama haipigi? Ya kwetu ni kasha la viatu, na Styles anaona aibu kuligusa.

Siti ya Nyuma

Ninayo. Haipigi, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Lakini nije kuiona kwanza hiyo studio yenu, na nikae na mke wangu.