Vikopo vya udongo vya kuoteshea miche vinapasuka, nifanyeje?

Mkulima_Igoma:
Habari za leo wakuu. Naotesha mipapai na nyanya hapa Igoma, Mwanza. Viriba vimenichosha: ukishapanda mche plastiki inabaki shambani, mvua ikija inasombwa kuelekea ziwani. Nataka vikopo vya udongo vya kuzika pamoja na mche. Nimefinyanga kwa udongo mweusi wa mbuga, vikikauka vinapasuka, na vinavyopona nikimwagilia vinageuka tope. Nivichome?

Bibi_Kitalu (Sengerema):
Usichome, mwanangu. Ukichoma umepata chungu, na chungu hakiozi wala mizizi haikitoboi.

Udongo wa mbuga ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, lazima upasuke. Tafuta wa kichuguu, utwange, uchekeche. Kwa ndoo mbili za kichuguu mimi natia moja ya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa na moja ya majani makavu ya mgomba, nimeyakatakata mafupi. Hizo nyuzi ndizo zinazoshika kikopo udongo ukilowa. Pumba za mpunga peke yake hazitoshi, ni fupi mno. Kanda, funika, uache ulale usiku mmoja.

Kalibu yangu ni kipande cha bomba la inchi tatu, katikati nasimamisha chupa ya soda. Paka majivu udongo usigande. Ukuta usizidi unene wa kidole kidogo, na chini toboa kwa kijiti. Anika kivulini, juu yake tandika gunia. Jua la Mwanza likikipata kibichi, kimekwisha.

Kumwagilia ndiko kunakoua vikopo vingi. Vibananishe, kati ya kikopo na kikopo ujaze mchanga, maji yamwage kwenye mchanga yapande yenyewe. Siku ya kupanda lowesha, vunja kitako ili mzizi wa mpapai ushuke, na mdomo wa kikopo uzike wote. Ukiachwa nje upepo unanyonya maji ya mche kupitia hapo.

Mtu_wa_Mwaloni:
Shikamoo bibi. Je, magugu maji yanafaa badala ya mgomba? Huku ufukweni Ilemela yamejaa.

Bibi_Kitalu:
Marahaba. Yanafaa sana, nyuzi zake ni ndefu. Chukua mashina tu, mizizi na maua uache hukohuko, maana mbegu zake hukaa miaka mingi zikingoja maji. Kausha hadi yavunjike mkononi. Na usiingie majini miguu mitupu, vaa buti, kichocho kipo.

Fundi_Kisesa:
Si aongeze saruji kidogo tu vikaze?

Bibi_Kitalu:
Hapana, baba. Saruji haiozi, na chokaa yake inaharibu udongo wa mche. Akitaka vikaze apake uji mwembamba wa muhogo kwa nje.

Mkulima_Igoma:
Asante sana bibi. Na nyanya nazo niweke humo?

Bibi_Kitalu:
Nyanya zisie kwenye tuta, zinavumilia kung'olewa na kuhamishwa. Vikopo viwekee mipapai na matikiti, hayo hayapendi mizizi yake iguswe.