Sifa za jalada la nyuma: anayesifu asiposoma kitabu, ni tangazo au ni uongo?

Mwandishi Mchanga: Wakuu, habari za jioni. Riwaya yangu ya kwanza imeshahaririwa, inasubiri kwenda mitamboni. Juzi mchapishaji kanipigia, nitafute mtu mwenye jina aandike sentensi mbili za sifa ziwekwe jalada la nyuma. Nikampata mzee mmoja anayeheshimika. Akaniambia, "Andika wewe unavyotaka, mimi utaweka jina langu." Hajaona hata ukurasa mmoja. Mchapishaji anasema ndivyo inavyofanyika, nisijifanye malaika. Moyo unakataa. Mtu akitoa shilingi 15,000 zake kwa kuliamini jina la mzee yule, si nimemdanganya? Naomba maoni, hasa ya waliopita njia hii.

Dada wa Vitabu: Usifanye. Nauza vitabu mwaka wa tisa huu. Mteja akishika kitabu anatazama picha ya mbele, anakigeuza, anasoma nyuma, ndipo anauliza bei. Ndani hafungui kabisa, na vingine vimefungwa nailoni, hata akitaka hawezi. Kwa hiyo maneno ya nyuma ndiyo kitabu kwake mpaka afike nyumbani. Akikuta si alichoahidiwa, kwako harudi, na dukani kwangu pia anaanza kunitilia shaka.

Kalamu Kavu: Uongo huo ni wa zamani kuliko babu zetu. Yule mshairi wa Marekani, Emerson, alijiandikia sifa mwenyewe akazibandika kwenye kitabu chake. Leo anafundishwa vyuoni. Dogo, weka jina la mzee, uza kitabu.

Mzee wa Maktaba: Umechanganya, Kalamu. Mshairi ni Walt Whitman. Alitoa kitabu chake 1855, akampelekea Emerson, mwanafikra mashuhuri wa huko, nakala, Emerson akamjibu kwa barua ya kumpongeza. Toleo la pili, 1856, Whitman akachukua sentensi moja ya barua ile akaichapa kwa dhahabu kwenye mgongo wa kitabu, na jina la Emerson chini yake, bila kuomba ruhusa. Kujisifu alijisifu kweli, ila magazetini, katika uhakiki usio na jina la mwandishi. Sasa tazama tofauti. Emerson alikuwa amekisoma kitabu. Mzee wa kijana huyu hajasoma, na hilo ni zito zaidi.

Nyuma zaidi kuna William Caxton, aliyepeleka uchapaji Uingereza. Mnamo 1477 alichapa tangazo dogo, kikaratasi cha kutosha kiganjani, la kitabu cha taratibu za ibada. Hakumtaja mkubwa yeyote wa kumsifia. Alisema kitabu kimechapwa kwa herufi hizi hizi unazoziona, hakina makosa, njoo Westminster utakipata kwa bei nafuu. Chini akaongeza kwa Kilatini, naomba karatasi hii isibanduliwe. Tangazo lenyewe ndilo lilikuwa sampuli ya mali. Mimi naliheshimu sana lile.

Kalamu Kavu: Haya, majina nimechanganya, hoja iko palepale. Na afadhali uongo wa jalada kuliko wa yale magazeti ya udaku yaliyokuwa na hadithi ndani. Mtu kashika kitasa cha mlango, bastola nyuma ya pazia, ITAENDELEA. Wiki nzima. Ile haikuwa fasihi, ilikuwa chambo cha kuuzia gazeti kwa watu wasioweza kusoma kitabu.

Binti wa Mbagala: Wasioweza kusoma kitabu ni nani? Nitajie. Marehemu mama yangu aliishia darasa la nne, alikuwa anauza maandazi. Siku gazeti linapotoka anatenga hela yake kwanza kabla ya mafuta ya taa. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anakanda unga, na majirani wawili wanakuja na vigoda vyao. Nikifika kwenye "itaendelea" wanagombana mpaka usiku ni nani muuaji. Kurasa zile alizikata akazishona kwa uzi wa magunia, ninazo hadi leo. Riwaya yangu ya kwanza nilishonewa na mama yangu. Usituite chambo.

Mwalimu wa Kidato: Pole kwa kumpoteza mama. Lakini Kalamu Kavu ana hoja. Nasahihisha insha mpaka leo, na kila darasa lina watatu wanaomaliza kwa "itaendelea" kwa sababu wameshindwa kufunga hadithi. Magazeti yale yaliwazoesha kuanza tu.

Binti wa Mbagala: Mwalimu, hao unaowasahihisha leo wamezaliwa gazeti lilishaondoka mikononi mwa watu. Hiyo wamejifunza kwingine.

Mzee wa Maktaba: Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, alianza hivyohivyo mwaka 1836. Riwaya yake ya kwanza ilitoka vipande kila mwezi, shilingi moja kipande, na kurasa za matangazo ya biashara ndani. Mwanzo ilisuasua, mwishoni ikauza nakala kama 40,000 kwa toleo. Hapo kipande cha leo ndicho kinachotangaza cha mwezi ujao. Na huku kwetu Eric Shigongo aliuza riwaya zake kwa njia hiyo, kwanza gazetini, kisha kitabu. Waliomfuata kwenye kitabu walikuwa wameshasoma.

Kasuku wa Likoni: Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mombasa. Ngũgĩ alipotoa riwaya yake ya Kikuyu mwaka 1980, ile aliyoiandika jela, watu waliisomeana kwenye baa. Msomaji anasoma mpaka glasi iishe, anaweka kitabu chini mahali patamu kabisa, na wasikilizaji wanamnunulia nyingine ili aendelee. Hakuna aliyelipwa na mchapishaji kufanya hivyo. Lakini siku hizi Kenya tangazo ni moja tu, orodha ya vitabu vya kutahiniwa. Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ilipokuwa kwenye mtihani kila nyumba yenye mtoto wa sekondari ilikuwa nayo. Ikitoka kitabu kingine, ile inaenda kufungia njugu. Hata hivyo sisi tunanunua. Nyinyi Tanzania lugha mnayo, vitabu hamnunui.

Mwalimu wa Kidato: Kununuliwa kwa amri ya wizara unakuita kununua?

Kasuku wa Likoni: Pesa ya mzazi imetoka au haikutoka?

Kalamu Kavu: Ndugu wa Likoni, Ben Mtobwa alikuwa mwandishi na mchapishaji wake mwenyewe hapa Dar es Salaam, kupitia kampuni yake ya Heko. Vitabu vyake vilisomwa mpaka jalada linang'oka, na wizara haikumlazimisha mtu. Usije hapa kutuhesabia.

Mwandishi Mchanga: Jamani, swali langu lilikuwa la yule mzee na jalada.

Dada wa Vitabu: Nakujibu mimi. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari anayeandika kwa Kiingereza, alipopata Nobeli, watu waliingia dukani wakitaka kitabu chake cha Kiswahili. Hakikuwepo. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilikuja 2022. Tangazo kubwa kuliko yote duniani lilitufikia, na mimi nimesimama na rafu tupu. Ndiyo maana nakwambia, hangaikia kitabu kifike kwenye maduka ya Mwanza na Mtwara kabla ya kuhangaikia jina la mzee. Nyuma weka aya yako mwenyewe, iliyo bora.

Mwandishi Mchanga: Nimemwambia mchapishaji hivyo leo mchana. Kanuna, anasema aya haimjui mtu. Nimekataa kurudi nyuma. Mzee nimempelekea muswada wote, akipenda atasema, asipopenda anyamaze.

Mzee wa Maktaba: Binti wa Mbagala, kurasa zile za mama usiziache kwenye unyevu. Karatasi ya gazeti inageuka njano na kuvunjika. Weka kwenye bahasha kavu, mbali na jua.

Binti wa Mbagala: Asante mzee wangu. Zipo kwenye bati la biskuti. Toleo moja tu halipo, wiki mama alipolazwa. Ni pale wakili anaingia nyumba ya Kigamboni na barua ya urithi. Toleo linalofuata tayari kafa.

Kalamu Kavu: Barua ilikuwa ya bandia, na wakili aliigundua kwa muhuri. Dada yangu alikuwa akiyaweka yale magazeti chini ya godoro, nilikuwa nayasoma akiwa kazini. Bado nasema si fasihi. Nitamuuliza kama toleo hilo analo.

Binti wa Mbagala: Muulize kesho asubuhi, tafadhali.